Grisi ya Kardani: Chagua kwa Kazi ya Jointi, Usichague kwa Rangi

Simama jioni moja kwenye mpando wa kutoka Nyabugogo kwenda Muhima, magari yanapopanda kwa gia ya kwanza huku yakikata kona. Hutakaa muda mrefu kabla ya kusikia gari linalolia ta-ta-ta-ta kwenye gurudumu la mbele: sauti kavu, inayozidi dereva anapokanyaga mafuta na kukoma usukani unaponyooka. Mafundi wa Gatsata huitambua bila hata kuinua vichwa. Hiyo ni jointi ya kardani, na ikishafikia kulia hivyo chuma chake kimekwisha kulika. Hakuna grisi itakayokirudisha.

Makala haya yanahusu kipindi kinachotangulia sauti hiyo, pale ambapo mpira mzima na gramu mia moja hivi za grisi sahihi zingetosha kuiokoa jointi. Grisi haijapungua Kigali. Imejaa kwenye vituo vya mafuta na maduka ya spea, ya manjano, nyekundu, bluu na nyeusi. Kinachotugharimu ni imani kwamba grisi zote ni moja: kopo lilelile linapakwa beringi za magurudumu, jointi za ekseli hadi bawaba za milango, na anayechagua anaangalia rangi au bei. Jointi za ekseli haziendi hivyo. Kila moja ina mwendo wake, mzigo wake na joto lake, na grisi hufuata hayo matatu.

Shafti moja, jointi mbili zisizofanana

Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama Corolla, Yaris au Golf, lina shafti mbili zinazotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye magurudumu. Kila shafti ina jointi mbili. Jointi ya nje, iliyo kwenye gurudumu, hupinda kila usukani unapokatwa. Jointi ya ndani, iliyo kwenye giaboksi, hupinda kidogo tu, lakini huteleza kuingia na kutoka gurudumu linapopanda na kushuka juu ya mashimo na matuta. Mafundi wa Kigali, kwa kufuata Kifaransa, huiita shafti hiyo pamoja na jointi zake kardani. Ukivuka kwenda Dar es Salaam au Nairobi utasikia jointi ya CV, na herufi hizo ndizo zinazochapwa kwenye maboksi ya spea.

Jointi ya nje kwa kawaida ni ya aina aliyoibuni Alfred Rzeppa, mhandisi wa kampuni ya Ford, katika miaka ya 1920. Ndani yake mna gololi sita za chuma zinazotembea kwenye mifereji iliyopinda, zikishikwa mahali pake na kizimba. Kazi yake ni kulizungusha gurudumu kwa mwendo uleule wa shafti hata likiwa limepindishwa nyuzi 40 na zaidi. Jointi ya krosi, iliyo ya zamani zaidi, haiwezi kazi hiyo: ikipinda, upande unaopokea mzunguko huongeza kasi na kuipunguza mara mbili katika kila duru, na dereva angeuhisi usukani ukitetemeka mikononi. Mini ya Uingereza, iliyoingia sokoni mwaka 1959, ilichangia sana kuzieneza jointi za gololi kwenye magari madogo ya watu wa kawaida.

Jointi ya ndani mara nyingi ni ya miguu mitatu. Kila mguu umevikwa kigurudumu kidogo juu ya beringi za sindano, na vigurudumu hivyo vitatu huteleza kwenye njia zilizochongwa ndani ya kikombe cha chuma. Kwa hiyo, ndani ya shafti moja, jointi ya nje inaishi kwa gololi zinazobingirika na kusuguana kwenye pembe kubwa, na ya ndani inaishi kwa kuteleza mbele na nyuma. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua grisi.

Mzigo ulio juu ya gololi moja

Hesabu fupi itaonyesha ukubwa wa jambo hili. Chukua gari dogo lenye injini inayotoa torki ya nyutonimita 150. Gia ya kwanza huizidisha torki hiyo kama mara tatu na nusu, na difu huizidisha tena kama mara nne. Zinafika nyutonimita 2,100 hivi, na kila gurudumu la mbele linapata nusu yake, yaani 1,050. Gololi za jointi ya nje zimekaa kama sentimita tatu kutoka katikati ya shafti. Ukigawa, unapata nguvu ya nyutoni 35,000, inayobebwa na gololi sita. Kila gololi, ambayo kipenyo chake hakifiki milimita 20, inabeba nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 590.

Hilo ni kadirio la chini. Jointi ikipinda, gololi hazigawani mzigo sawasawa, na mahali gololi inapogusa mfereji ni doa dogo sana. Hapo utando wa mafuta hubanwa hadi karibu kutoweka na chuma hutaka kugusa chuma. Grisi ya jointi ya nje imetengenezwa kwa ajili ya sekunde hizo. Na Kigali, ambako mtu hutoka nyumbani kwake kwenye mteremko, akakata kona na kupanda kilima kwa gia ya kwanza, sekunde hizo hutokea kila asubuhi.

Kilichomo ndani ya kopo

Grisi ni mafuta yaliyogandishwa. Sehemu kubwa yake, kwa kawaida kati ya asilimia 70 na 90, ni mafuta ya kulainisha. Kinachobaki ni kigandishi pamoja na dawa za kuongeza uwezo. Kigandishi, ambacho katika grisi nyingi ni aina ya sabuni, hujenga msuko wa nyuzi ndogo mno unaoyashika mafuta kama dodoki lililoloweshwa: sehemu zikisogea na kubana, mafuta hutoka kwenda kulainisha, na zikitulia, sehemu yake hurudi kwenye msuko. Anayelainisha ni mafuta. Kigandishi kazi yake ni kuyaweka mafuta mahali yanapotakiwa.

Kigandishi kilichoenea zaidi duniani ni sabuni ya lithi, iliyopata hataza nchini Marekani mwaka 1942. Ndugu yake wa karibu ni lithi changamano, inayovumilia joto zaidi. Ipo pia sabuni ya kalisi, inayostahimili maji vizuri ingawa aina yake ya zamani huyeyuka karibu na nyuzi 100 za Selsiasi. Poliurea, ambayo si sabuni kabisa, hupendwa na viwanda vingi vya Japani. Na zipo grisi zilizogandishwa kwa udongo wa bentonaiti.

Dawa zinazoongezwa ndizo zinazoitofautisha grisi ya jointi na grisi nyingine. Kundi la kwanza ni dawa za shinikizo kali, zenye salfa na fosforasi, ambazo joto la msuguano huzifanya ziungane na uso wa chuma na kuacha ngozi nyembamba ya kinga. Kundi la pili ni vilainishi vigumu, na maarufu zaidi ni molibdenamu disalfaidi, inayoandikwa MoS2 kwenye lebo. Fuwele zake zimejengeka kwa tabaka nyembamba zinazoteleza moja juu ya nyingine. Mafuta yakibanwa yakaisha kwenye doa la mguso, tabaka hizo hubaki zikizuia chuma kukwaruzana na chuma. Grisi nyingi za jointi za nje huwa nayo kwa asilimia 3 hivi, na ndiyo inayoipa grisi rangi ya kijivu iliyokolea au nyeusi.

Hapa pana mtego. Grafiti pia ni nyeusi, na grisi ya grafiti ipo madukani kwa ajili ya springi za majani, nyaya na minyororo. Mtu akiambiwa "nunua grisi nyeusi" anaweza kurudi na hiyo. Na nyekundu, bluu na kijani ni rangi tu, ambazo kila kiwanda hujichagulia. Rangi haikuambii kitu chochote cha kutegemea.

Kila jointi na grisi yake

Jointi ya nje ya gololi inataka grisi ya lithi au lithi changamano, au poliurea iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye dawa za shinikizo kali na molibdenamu disalfaidi, na yenye ulaini wa namba 1 au 2. Isiwe ngumu. Gololi hupita njia ileile mara nyingi kwa dakika, na kila inapopita huisukuma grisi pembeni. Grisi isiporudi upesi, gololi inayofuata inakuta chuma kikavu. Ndiyo maana grisi ngumu ya beringi, ambayo sifa yake ni kutulia ilipowekwa, haiifai jointi hii.

Jointi ya ndani ya miguu mitatu inataka kitu tofauti. Adui yake mkubwa ni ukinzani wa kuteleza. Vigurudumu vikigoma kuteleza kwa urahisi, gari hutetemeka ubavuni dereva anapoongeza kasi, hasa likipanda, na wengi huishia kusawazisha matairi bila mafanikio. Viwanda hutengeneza grisi maalumu ya jointi hii, mara nyingi laini zaidi na mara nyingi ya poliurea, iliyochanganywa kwa kupima msuguano wa kuteleza. Jointi hii pia iko karibu na giaboksi, na katika magari mengine karibu na bomba la moshi, kwa hiyo hupata joto zaidi. Ukinunua seti ya buti, yaani mpira unaoifunika jointi, na kukuta pakiti mbili za grisi zenye rangi tofauti, moja ni ya nje na nyingine ni ya ndani. Zisibadilishane.

Krosi za propela ni habari nyingine. Hiace, Coaster na Hilux zinasukumwa na magurudumu ya nyuma kupitia propela yenye krosi, na ndani ya krosi mna beringi za sindano zinazocheza kwenye pembe ndogo tu. Hapo grisi ya lithi ya namba 2 yenye dawa za shinikizo kali inatosha kabisa. Krosi yenye nipo ipigwe grisi kwa pampu hadi ya zamani itoke kwenye vikombe vyote vinne. Ikitoka kwenye vitatu, cha nne ni kikavu, na krosi hiyo iko njiani kufa.

Beringi za magurudumu zinazofunguliwa zinataka lithi changamano ya namba 2 inayovumilia joto la breki. Magari mengi ya sasa yana beringi zilizofungwa kiwandani, na hizo hazipakwi chochote.

Land Cruiser zenye ekseli nzima ya mbele, za mfululizo wa 70 na 80, zinastahili maneno ya pekee, kwa sababu ndizo zinazopita barabara ambazo magari mengine hurudi nyuma, huku kwetu na ng'ambo ya mpaka Goma na Bukavu. Jointi yake ya mbele ni ya gololi, iliyozoeleka kwa jina la Birfield, nayo haikai ndani ya buti la mpira, bali ndani ya tufe la chuma kwenye mkono wa usukani. Toyota huagiza grisi ya lithi yenye molibdenamu disalfaidi ya namba 2 kwa jointi hiyo, na lithi ya kawaida ya namba 2 kwa beringi za gurudumu lilelile. Fundi anayefungua mkono mmoja anahitaji makopo mawili. Tena, sili ya ekseli ikichakaa, oili ya difu huvuja ikaingia kwenye tufe na kuigeuza grisi uji mwepesi. Kuongeza grisi juu ya uji huo hakusaidii. Sili ibadilishwe kwanza, kila kitu kioshwe, ndipo grisi mpya iwekwe.

Vilima, vumbi na mvua

Hali ya hewa ya Kigali ni ya kirafiki kwa grisi. Mchana joto hufika nyuzi 26 au 27, usiku hushuka hadi 15 au 16. Kwa hiyo usilipe zaidi kwa sababu kopo linajisifia kuvumilia baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Sifa hiyo ni ya wenzetu wanaoishi kwenye theluji.

Kinachotuumiza ni vitu vingine vitatu. Kwanza ni vilima, ambavyo nimekwisha kuvieleza kwa hesabu ya torki, na kwa upande wa pili ni miteremko. Anayeshuka Shyorongi kuelekea Kigali huku mguu uko kwenye breki anaipasha moto diski, na joto hilo hupitia kwenye kitovu cha gurudumu hadi kwenye beringi na jointi ya nje. Pili ni vumbi. Barabara kuu za mji zina lami nzuri, lakini wengi wetu humalizia safari kwenye njia ya udongo mwekundu, na kuanzia Juni hadi Agosti udongo huo huwa poda inayoingia popote penye mwanya. Tatu ni mvua, ya Machi hadi Mei na ya Septemba hadi Desemba, inayogeuza njia hizohizo kuwa tope.

Vumbi na tope huingia kwenye jointi kwa mlango mmoja tu, nao ni buti lililopasuka. Buti ni mpira wenye mikunjo unaoifunika jointi na kuifungia grisi ndani. Likipata ufa, mzunguko wa gurudumu huitupa grisi nje, na nafasi yake huchukuliwa na mchanga na maji. Grisi iliyochanganyika na mchanga inakwangua mifereji ya gololi kila gurudumu linapozunguka. Hapo grisi bora kuliko zote haina tofauti na mbaya kuliko zote.

Kwa hiyo anayejali grisi aanze kwa kulijali buti. Kata usukani hadi mwisho, washa tochi, angalia nyuma ya gurudumu. Ukiona mstari wa grisi uliorushwa upande wa ndani wa rimu au kwenye springi, buti limekwisha kufunguka. Ukiona nyufa ndogo kwenye mabonde ya mikunjo, halijafunguka lakini halitafika mbali. Ukaguzi huu ni wa dakika chache, na ungefaa kufanywa mara mbili kwa mwaka: kabla ya vumbi la Juni na kabla ya mvua za Septemba. Usingoje kontorole tekiniki, ule ukaguzi wa lazima wa magari, ndiyo ikuambie.

Buti lililogundulika mapema, siku chache baada ya kupasuka na kabla jointi haijaanza kulia, mara nyingi huokoa jointi yote. Bei ya buti, bendi zake na grisi ni sehemu ndogo tu ya bei ya kardani mpya.

Kusoma maandishi ya kopo

Alama tatu zinatosha kumsaidia mnunuzi.

Ya kwanza ni NLGI, jina la taasisi ya grisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1933, ikifuatiwa na namba. Namba hiyo ni ya ulaini. Hupatikana kwa kuangusha pia ya chuma kwenye grisi yenye joto la nyuzi 25 na kupima imezama kiasi gani. Kipimo kinaanzia 000, iliyo majimaji, hadi 6, iliyo ngumu kabisa. Namba 2 ni pale pia inapozama milimita 26.5 hadi 29.5, namba 1 ni milimita 31 hadi 34. Namba hii haisemi grisi ni bora au mbaya. Inasema tu ni ngumu kiasi gani.

Ya pili ni herufi GC-LB. GC ni daraja la juu la grisi ya beringi za magurudumu, na LB ni daraja la juu la grisi ya sehemu za chini ya gari, krosi zikiwemo. Kopo lenye alama hii ni zuri kwa kazi hizo, lakini alama peke yake haithibitishi kwamba ndani mna molibdenamu wala kwamba grisi inafaa jointi ya gololi.

Ya tatu ni msimbo wa Kijerumani wa DIN 51502, unaoonekana sana kwenye grisi zinazotoka Ulaya. Mfano ni KPF2K-30. K ya kwanza inasema ni grisi ya beringi na sehemu zinazosuguana. P inasema ina dawa za shinikizo kali. F inasema ina kilainishi kigumu, kama vile molibdenamu disalfaidi. Namba 2 ni ulaini. K ya pili inasema inafanya kazi hadi nyuzi 120, na -30 ni kikomo cha baridi. Grisi nyingine ikiandikwa KP2K-30, bila F, utajua mara moja kwamba haina kilainishi kigumu, hata kama ni nyeusi tii.

Zingatia hizo nyuzi 120. Muuzaji anaweza kukuambia grisi yake inavumilia nyuzi 180 au 190. Hicho ni kiwango cha kudondoka, yaani joto ambalo grisi ya lithi hupoteza mgando wake na kuanza kutiririka. Kufanya kazi kila siku ni kitu kingine, na kikomo chake kiko chini sana ya hapo.

Mwisho, nunua kopo lililofungwa, lenye namba ya toleo na maelezo ya kazi yake. Grisi inayochotwa kwenye ndoo iliyo wazi kando ya barabara ina vumbi kabla haijafika kwenye jointi.

Hatari ya kuongeza juu ya ya zamani

Kuna desturi ya kulegeza bendi ndogo ya buti, kusukumia grisi mpya ndani na kufunga. Naisihi gereji yoyote inayofanya hivyo iache. Magari yetu mengi yamefika yakiwa yametumika, kutoka Ulaya, Ghuba na kwingineko, na hatujui kiwanda au fundi wa kwanza aliweka nini. Huenda ni poliurea. Ukiweka lithi juu yake, misuko ya vigandishi hivyo viwili mara nyingi haipatani: mchanganyiko hulainika ukatiririka kwenye upenyo mdogo, au hukauka ukagoma kutembea. Bentonaiti nayo haipatani na nyingi ya nyingine. Unaweza kuchukua grisi mbili nzuri, kila moja bora kwa kazi yake, ukapata mchanganyiko mbovu.

Kanuni ni moja: jointi ikifunguliwa, ya zamani yote itoke. Ivunjwe, ioshwe kwa mafuta ya taa au dawa ya kusafishia breki, ikaushwe kabisa, na mifereji ikaguliwe kwa jicho na kwa ukucha. Ukucha ukinasa kwenye kishimo, jointi hiyo imekwisha na grisi mpya itachelewesha tu habari. Mifereji ikiwa myororo, grisi mpya iwekwe kwa kipimo. Pakiti ya kiwanda imepimwa tayari, na kwa gari dogo mara nyingi ni kati ya gramu 80 na 150 kwa jointi. Sehemu kubwa ishindiliwe ndani ya jointi yenyewe, kati ya gololi, na inayobaki iwekwe kwenye buti. Ikizidi, joto huitanua na buti huvimba hadi bendi zikaachia. Ikipungua, gololi hukauka.

Kabla ya kukaza bendi ya mwisho, hewa iliyonaswa itolewe. Bendi ziwe zake, zikazwe kwa koleo lake. Waya wa kufungia na vibanio vya plastiki havizuii grisi yenye joto. Na mpira wenyewe unahesabu: kuna buti za neoprini na za plastiki nyumbufu, na grisi isiyofaa huweza kuuvimbisha mpira au kuuchakaza. Grisi iliyoandikwa kwamba ni ya jointi za CV imetengenezwa buti likiwa limefikiriwa. Kuilainisha kwa oili ya injini ni kuharibu vyote viwili.

Grisi ya zamani na mafuta yaliyooshea visimwagwe mferejini. Kinachoingia mto Nyabugogo hushuka Nyabarongo, kikaingia Akagera, na Akagera humwaga Ziwa Victoria, ambako mamilioni ya watu hunywa na kuvua. Kopo lenye mfuniko linatosha kuvihifadhi hadi vipelekwe kwa wanaokusanya mafuta machafu.

Magari ya umeme nayo

Wapo wanaodhani kwamba magari ya umeme, yanayozidi kuonekana Kigali tangu serikali ilipoyapa nafuu ya kodi mwaka 2021, yameachana na mambo haya. Hayana oili ya injini, lakini shafti zake bado zina jointi za nje na za ndani, zenye buti na grisi. Tena mota ya umeme hutoa torki yake yote tangu gari likiwa limesimama, na gari likijichaji kwenye mteremko, jointi husukumwa upande wa pili. Kwa kuwa injini haingurumi, jointi iliyochoka husikika mapema. Kwa magari haya fuata grisi iliyotajwa na kiwanda, bila kubahatisha.

Ukifika gereji

Mwenye gari hahitaji kushika spana ili alinde jointi zake. Anahitaji kuuliza kwa heshima. "Fundi, naomba unionyeshe pakiti ya grisi kabla hujaifungua." "Hii ni ya jointi ya nje au ya ndani?" "Utaiosha jointi yote, au utaongeza tu?" "Mifereji uliionaje?" Fundi anayeijua kazi hukaribisha maswali hayo, kwa sababu yanamtofautisha na wanaopaka chochote. Naye mteja atimize wajibu wake: asimlazimishe fundi kutumia kopo la bei ndogo, kisha akarudi kumlaumu jointi ilipolia.

Kama pakiti ya kiwanda haipo, omba lithi au lithi changamano yenye molibdenamu disalfaidi, namba 1 au 2, iliyoandikwa kwamba ni ya jointi za CV, kwa ajili ya jointi ya nje. Kwa ile ya ndani tafuta inayotaja jointi za miguu mitatu. Ukilazimika kutumia moja kwa zote mbili, iwe ile ambayo lebo yake inazitaja zote mbili.

Kisha fanya jambo moja ambalo ni wachache wanaolifanya. Chukua daftari la gari uandike tarehe, kilomita, jointi iliyofunguliwa, jina la grisi na kigandishi chake. Miaka michache baadaye gari litakuwa kwa fundi mwingine, pengine kwa mwenye gari mwingine. Mstari huo mmoja utamwambia alichokikuta ndani, naye hatalazimika kukisia kwa kuangalia rangi.